Kivimbe cha ziwa kinateleza kama gololi, nyanya ataka kisiguswe na chuma. Nifanyeje?

binti_langoni:

Assalam aleikum ndugu zangu, mnivumilie manake ni refu na sijui hata nianzie wapi. Mimi ni msichana wa miaka 24, niko Lamu mjini huku Langoni. Miezi mitatu iliopita nilikuwa naoga, nimejipaka sabuni, mkono ukapita juu ya ziwa la kushoto upande wa kwapani nkahisi kitu kama ile gololi ya watoto. Nkakibonyeza kikakimbia. Nkakifuata na kidole kikahama tena. Hakiumi hata kidogo. Siku tatu sikumwambia mtu, kila nikiingia bafuni nakitafuta, nikikosa nafurahi, alafu nakipata palepale.

Mwisho nkamwambia mamangu. Hakusema kitu, akaniuliza tu tangu lini, akaondoka akaenda kukaa barazani peke yake. Najua alifikiria nini. Mama mdogo, ndugu yake wa kuzaliwa, alifariki kwa saratani ya ziwa akiwa na miaka 51.

Bas nkaenda sehemu ya kwanza (siitaji jina), yule niliemkuta hakunigusa hata, akanambia we bado mdogo hizo ni homoni, ukiolewa ukizaa kitaisha. Nkarudi nyumbani nimetulia siku mbili, kisha wasiwasi ukarudi. Nkaenda kwengine, huko daktari akanipima vizuri maziwa yote mawili na makwapa, akanipeleka altrasaundi, alhamdulillah aliekuwepo alikuwa mwanamke. Ripoti yasema kivimbe ni milimita 24 kwa 15, umbo la yai, kingo laini, BI-RADS 3 (ile daraja ya kupimia picha za ziwa). Daktari akasema inaonekana ni faibroadenoma, si saratani, lakini picha peke yake haitoshi kuapia. Akanipa hiari, ama nirudi baada ya miezi 6 apige picha tena alinganishe, ama kwa sababu ya mama mdogo na vile nilivo na hofu, nifanyiwe baopsi ya sindano, yaani nitolewe kipande kikapimwe, sasa hivi tujue moja.

Sasa nyumbani ndo pana mambo. Nyanya yangu, Mungu ampe umri, amekataa katakata. Asema uvimbe uliolala usiuamshe, ukiguswa na chuma ndo unageuka saratani. Kila usiku baada ya isha anasaga habbasoda, anachanganya na mafuta ya nazi na kunikanda huku anasoma. Simkatazi, mikono yake yanipa raha, lakini kile kivimbe kiko vilevile.

Na arusi yangu ni baada ya Idi inshaallah. Kwa hivo nauliza, hiki kitu kinaweza kugeuka? Sindano inaamsha kweli? Na nikikitoa, nitaweza kunyonyesha? Alieyapitia tafadhali anambie kweli, asinipoze moyo tu.

umm_twalha_mld:

Waaleikum salaam habibty. Mimi niko Malindi, Barani, na nimeyapitia haya miaka minne iliopita nikiwa na miaka 27, kwa hivo nisikize mimi kwanza kabla hujazidi kujitesa.

Changu kilikuwa cha kulia, karibu na chuchu. Na mimi kilikuwa kinakimbia hivohivo chini ya kidole, daktari alinambia madaktari wenyewe wanakiita panya wa ziwa kwa vile ukimtafuta hapa yuko pale. Altrasaundi ya kwanza kilikuwa sentimita 2. Nkaambiwa nisubiri miezi sita. Nkasubiri. Picha ya pili kikawa sentimita 3 na nusu na nilikuwa nimeshika mimba ya mwezi wa nne. Hapo ndo nkajua kwamba mimba inaweza kuvikuza hivi vitu, manake vinakula homoni ileile inayotayarisha ziwa kwa maziwa. Hilo we lijue kabla ya arusi, si la kukutisha, ni ili ukiwa mja mzito ukakiona kimenenepa usidhani dunia imeisha, urudi tu ukaangaliwe.

Mimi nkafanyiwa baopsi. Nitakueleza vilivo. Unalala chali mkono umeuweka kichwani, wanakusafisha, wanakudunga sindano ya ganzi ambayo inachoma kama nge mdogo kwa nukta chache, alafu huhisi tena ukali. Kisha wanaingiza ile sindano nene wakitazama kwa altrasaundi, na daktari atakwambia utaskia mlio. Taa! Kama stepula. Mimi niliruka ule wa kwanza kwa sauti tu, si kwa maumivu. Walichukua vipande vinne, vyembamba kama vipande vya tambi, wakavitia kwenye kichupa cha dawa ya kuhifadhi. Na kwa vile hapa hapakuwa na wa kukisoma wakati ule, hicho kichupa nilikibeba mimi mwenyewe mpaka Mombasa. Nimekaa kwenye basi nimekikumbatia ndani ya mkoba chini ya buibui, kila matuta nakishika. Kilomita 120 zile sijapata kuziona ndefu vile.

Majibu yalikuja siku ya kumi na moja. Faibroadenoma. Si saratani. Ziwa lilikuwa na alama ya bluu kama wiki moja, kisha ikageuka manjano ikaisha.

Kwa sababu kilikuwa kinakua nilishauriwa kitolewe, lakini nilijifungua kwanza, nkanyonyesha mwaka na miezi nane, kisha ndo nikakitoa. Nililala hospitali usiku mmoja. Kovu liko pembeni ya ule weusi wa chuchu, hata mume wangu hulitafuta. Mtoto wa pili namnyonyesha saa hii ninapoandika, upande wa kulia hutoa maziwa kidogo kuliko wa kushoto lakini hutoa, na mtoto amenona mashallah.

Hiari ni yako. Ila kwa vile mlivofiwa na mama yako mdogo, mimi ningekuwa we, ningefanya sasa. Miezi sita ya kutolala ni mingi.

abu_salma:

Binti, mimi si daktari, lakini msikize nyanya yako pia. Shangazi yangu alikuwa na uvimbe ziwani miaka mingi tu hana shida, alipokubali kukatwa kipande wapime, mwaka haukuisha tukamzika. Haya mambo tumeyaona kwa macho. Wazee hawasemi bure.

nesi_mstaafu:

Nimekuwa muuguzi miaka 31, nyingi katika hizo nimezifanya kwenye wodi za upasuaji hapa pwani. Naomba nianze na ndugu abu_salma kwanza, na nampa pole kwa msiba, manake hili analolisema nimeliskia kitandani kwa wagonjwa wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ndugu yangu, chuma hakigeuzi uvimbe usio saratani kuwa saratani. Ile sindano inachukua vipande vya nyama iliopo, haitii kitu ndani. Kinachotokea huku kwetu ni hiki: mama anakaa na uvimbe mwaka, miaka miwili, kwa hofu ya hichohicho chuma, anapofika hospitali tayari ni saratani na imeshatembea kwapani au kwenye mifupa, anapimwa, anaambiwa, na baada ya muda anafariki. Watu wameiona sindano na wameliona jeneza, ile miaka miwili ya kukaa kimya hakuna alieiona. Nahisi shangazi yako alikuwa mgonjwa kabla ya siku ile ya kipimo. Hakukosea yeye wala nyinyi hamkukosea kwa kumpeleka.

Sasa binti. Wengi wanaogundua uvimbe ziwani huwa si saratani, na kwa umri wako ndo zaidi. Kati ya miaka 15 na 35 kinachopatikana sana ni hiyo faibroadenoma, ambayo ni nyama ya kawaida ya ziwa, tezi na nyuzi zake, imejikusanya ikajiviringa yenyewe. Haijashika pahala ndo ikateleza. Ingine husinyaa yenyewe, nyingi hukaa vilevile miaka, chache hukua. Ile ya kawaida haigeuki saratani isipokuwa kwa nadra sana. Kuna jamaa yake mmoja anaitwa filodesi, anafanana nae kwa mkono na hata kwa picha, lakini huyo hukua kwa kasi na lazima atolewe na nyama kidogo ya pembeni. Ndo maana kivimbe kinachokimbia kukua hatukiachi.

Yule aliekwambia ni homoni bila kukushika alikosea, hata kama mwisho wake itakuja kuwa kweli. Uvimbe wa ziwa unapimwa kwa mambo matatu, mkono wa daktari, picha, na kipande cha nyama pale picha ikiacha shaka. Yakikubaliana yote mtu anaweza kulala. Moja likikataa hatulali. Kwa msichana kama we picha ni altrasaundi, manake ziwa la ujanani limeshikana, mamogramu (eksirei ya ziwa) haioni ndani vizuri. Mamogramu ni ya kuanzia miaka 40 hivi.

Hiyo BI-RADS 3 maana yake ni kwamba anaeisoma picha anaona uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2. Kwa hivo kusubiri miezi sita si uzembe, ndo utaratibu wenyewe, mradi miezi sita iwe sita kweli na si miaka mitatu. Na kuchagua baopsi pia ni sawa, hasa kwa mwenye historia ya familia na arusi mlangoni. Mwambie daktari wazi kwamba mama mdogo alikuwa na miaka 51, na kama kuna mwengine upande wa mama au baba alieugua saratani ya ziwa au ya vifuko vya mayai ya uzazi mwambie pia.

Usisubiri hata wiki ukiona haya: kimekuwa kigumu kama jiwe na hakihami, ngozi juu yake imebonyea au imefanya vitundu kama ganda la chungwa, chuchu ilokuwa nje imeingia ndani, damu inatoka kwenye chuchu, au umeshika tezi kwapani. Na wanawake wengi hunambia "lakini hauumi nesi". Saratani nayo mwanzo mara nyingi haiumi. Maumivu si kipimo.

Nyanya yako mwache akukande akusomee, hakuna ubaya, ila mkono uwe mwepesi, na msiweke kitu cha moto wala cha kuchanja. Nimepokea wasichana waliochanjwa ziwani na wembe, wakaja na usaha, ikawa hata altrasaundi haisomeki vizuri.

mama_wa_pacha:

Nimesoma yote machozi yananitoka manake nami niko na kitu. Lakini mimi nanyonyesha, pacha wa miezi miwili, na changu kinauma sana chekundu, tangu juzi, na homa. Mama mkwe asema nimekamiwa na jini la maziwa niwaachishe watoto upande huo.

nesi_mstaafu:

Mama wa pacha, usiwaachishe, endelea kunyonyesha hata upande huo, na usilikamue kwa nguvu wala kulikanda mpaka liume. Hiyo kwa vile unavyoieleza yafanana na ziwa lililopata uchochezi kwa sababu ya maziwa kushikana, na homa ishaingia kwa hivo nenda LEO si kesho, huenda ukahitaji antibayotiki. Ikiachwa hugeuka jipu. Na jipu lenyewe siku hizi mara nyingi linanyonywa kwa sindano wakiangalia kwa altrasaundi, si lazima lipasuliwe. Ikiisha homa na wekundu ukabaki uvimbe, rudi ukapigwe picha, usiseme ni maziwa tu. Tafadhali tuandikie ukishaonwa.

bi_mshamba46:

Niongeze na la kwangu kwa ajili ya sisi tuliovuka arubaini, manake hapa mnazungumza kama vivimbe ni vya wasichana. Mimi nina 46, niko Malindi, nauza mahamri asubuhi. Mwaka juzi niliamka na donge upande wa kushoto kubwa kama ndimu, jana yake halikuwepo wallahi. Nilijua nimekufa. Niliandika hata madeni ninayodai kwenye daftari la shule la mtoto.

Altrasaundi ikaonyesha ni maji matupu, wanaita sisti. Daktari akachoma sindano palepale akavuta maji ya kijani kama maji ya mchicha, yakajaa sirinji, na lile donge likalala chini ya mkono wake nikiliangalia. Akanambia yangekuwa na damu angeyapeleka kupimwa, na kama donge lingebaki baada ya maji kutoka angechukua kipande. Halikubaki. Lilirudi mara moja baada ya miezi mitano likavutwa tena. Kwa umri wangu alinipeleka na mamogramu Mombasa, ikawa safi.

Akanifundisha pia kwamba maziwa yangu yote mawili ni ya vidongevidonge, kama mchele ulokuwa haujachaguliwa, na kabla ya hedhi yanauma mpaka siwezi kupanda bodaboda. Nilikuwa naogopa kuyashika. Sasa nayajua, nayapitia siku chache baada ya hedhi kuisha yakiwa yamelegea, vidole vitatu vimelala, kuzunguka mpaka kwapani. Nikikuta kitu kigeni naenda, nikikuta yale ya siku zote naenda kukanda unga wangu. Na sidiria, wanawake wenzangu, nunueni inayoshika. Maumivu yangu nusu yaliondoka kwa sidiria.

binti_langoni:

Nimerudi. Imekuwa wiki sita, mnisamehe kimya, kuna siku nilikuwa siwezi hata kufungua simu.

Nilimsomea nyanya maandishi ya nesi, pole pole, neno kwa neno, na pale kwenye mama anaekaa miaka miwili alinikatiza. Akasema mama yako mdogo alikijua kile kitu tangu Ramadhani ya kabla ya ile alioenda hospitali. Hakuna mtu nyumbani aliejua hilo isipokuwa yeye. Alimwambia yeye peke yake, na yeye ndo aliemwambia asikiguse. Alilia sana. Mama nae akalia. Sijui niandike vipi, lakini asubuhi yake ni nyanya alietangulia kuvaa buibui lake, miaka 78 na magoti yake mabovu, akashuka nasi mpaka kwenye boti ya Mokowe, mashua ikiyumba amenishika mkono.

Baopsi ilikuwa kama alivosema umm_twalha, ule mlio nami ulinirusha. Vipande vitatu. Nyanya alikaa mlangoni na tasbihi. Majibu yamekuja jana, faibroadenoma, hakuna seli mbaya. Nimeamua nisikitoe sasa, nitapigwa picha tena baada ya miezi 6, na nikishika mimba nitawajulisha kliniki kwamba niko nacho. Mchumba wangu nimemwambia mwenyewe, aliniuliza kama kinauma, nkamwambia hakiumi, akasema bas.

@mama_wa_pacha ulienda? Twakungoja hapa.

mama_wa_pacha:

Nilienda jioni ile ile. Dawa siku kumi, homa ikaisha siku ya pili, pacha wananyonya kote kote. Kimebaki kiuvimbe kidogo kama punje ya harage, nimepewa altrasaundi Jumatatu.